Salamu Chini ya Kilima cha Montmartre: Jinsi Mjomba Alivyoibiwa Paris

Neno lililomsimamisha Mjomba lilikuwa la Kiswahili. Tulikuwa tumeshuka kituo cha Anvers, tukapanda kwa miguu mtaa mwembamba wa Steinkerque wenye maduka ya zawadi kila upande, tukatokea kwenye bustani iliyo chini ya kanisa la Sacré-Cœur. Kanisa jeupe lilikuwa juu kileleni, ngazi chini yake, na mbele ya ngazi walisimama vijana sita au saba, nyuzi za rangi zikining'inia vidoleni mwao. Mmoja akamtazama Mjomba, akatabasamu, akasema: "Hakuna matata!"

Mjomba ni karani mstaafu wa bandari ya Tanga. Ana miaka 67, na ile ilikuwa siku yake ya tano Ulaya. Tangu apande ndege Dar es Salaam hakuna mtu aliyemsemesha kwa lugha yake ila mimi. Akasimama, akanyoosha mkono. "Hakuna matata kabisa, kijana wangu. Habari za hapa?"

Kijana hakuwa na jibu la habari za hapa. Yale maneno mawili ndiyo Kiswahili chake chote, na anayatupa kwa kila apitaye, awe Mjapani, Mmarekani au Mbrazili. Wengi wa vijana wale wametoka Afrika Magharibi, na hicho ni Kiswahili cha watalii kilichozunguka dunia hata kikawa chambo. Mjomba angelijuaje? Aliyesikia lugha yake ugenini huamini amepata ndugu. Mkono wake ulikuwa tayari mbele, na kijana hakuuachia.

Dakika arobaini baadaye tulikuwa tumesimama kwenye kituo cha La Chapelle bila waleti, bila kadi ya benki, bila kitambulisho cha taifa cha NIDA na bila simu. Nilipowasimulia ndugu, karibu wote waliniuliza swali moja: kwa nini hakuwa makini? Swali hilo limeniuma miezi yote hii. Mtu aliyehesabu shehena kwa miaka thelathini na moja bila upungufu si mzembe. Nimekipitia kisa hiki mara nyingi, mengine kwa simu na Mjomba mwenyewe, hatua kwa hatua, na ninaona wazi kwamba wezi wale hawakutumia uzembe wake. Walitumia malezi yake. Kila walipopata upenyo, upenyo huo ulikuwa jambo ambalo nyumbani tunamsifu mtu kwa kuwa nalo.

Uzi

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma kidogo nikinunua maji. Nilipofika, uzi ulikuwa umeshazungushwa kidoleni mwake na kijana alikuwa anausuka kwa kasi akiuvuta kuelekea kwake. Hiyo ndiyo kazi ya uzi. Watu hudhani anayeuza bangili anauza bangili, kumbe anachofanya ni kukufunga. Kidole kikishazungushwa huwezi kuondoa mkono bila kumvuta mtu aliyekushika, na mtu mwenye adabu hamvuti mwenzake. Bangili ikimalizika kusukwa inahamishiwa kwenye kifundo cha mkono na kupigwa fundo lisilofunguka kwa vidole. Hapo tabasamu linakwisha. Bangili imeshatengenezwa, haiwezi kuuzwa kwa mwingine, kwa hiyo lipa.

Wenzake wawili walikuwa wamesogea. Hawakumgusa Mjomba wala hawakutukana. Walisimama tu karibu kuliko inavyofaa. Alidai euro 20. Nilianza kufoka kwa Kifaransa na Mjomba akaninyamazisha. "Acha, mwanangu. Tumpe, aende zake." Akafungua jaketi, akatoa waleti kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, akahesabu noti mbili za kumi mbele ya macho ya watu wasiopungua kumi, kisha kwa haraka na kwa hasira akairudisha waleti. Lakini hakuirudisha ilikotoka. Aliisukumiza kwenye mfuko wa nje wa jaketi, ule wa ubavuni, pamoja na simu.

Ninataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo kisa chote kilipogeuka. Euro 20 zenyewe hazikuwa hasara kubwa. Hasara ni mambo mawili yaliyofanyika wakati wa kuzitoa. La kwanza, kila aliyekuwepo pale aliona waleti inakaa wapi, imenona kiasi gani, na mwenyewe amechanganyikiwa kiasi gani. Haikuhitajika mtu kutufuata kwa mbali akipanga njama. Ilitosha kuwa na macho. La pili, mpangilio aliouzoea tangu atoke nyumbani ulivunjika. Mtu aliyefedheheshwa anataka kuondoka mahali pale upesi, na mkono wake unakimbilia mfuko ulio karibu. Laiti ningemwambia, "Mjomba, simama kidogo, rudisha kitu mahali pake," huenda nisingekuwa na la kuandika. Badala yake nilikuwa nageuka geuka nikiwatazama wale vijana kwa hasira.

"Turudi," akasema. "Sina hamu tena ya kupanda." Kanisa hakuliona ila kwa mbali.

Siwaandikii vijana wale hukumu nzito kuliko wanayostahili. Wengi hawana vibali vya kuishi wala kazi inayoweza kuwapokea, na mchana kutwa wanakimbizana na polisi. Lakini mzee aliyewapa mkono kwa nia njema hakuwa na deni nao, na njia waliyotumia kumtoza ni ya nguvu hata kama hawakuinua kofi.

Mlango wa behewa

Kituo cha Anvers kiko kwenye laini namba 2 ya metro, treni za mjini. Ukielekea Nation, mwisho wa laini, kituo kinachofuata ni Barbès-Rochechouart, kisha La Chapelle, ambako abiria wengi hushuka kwenda stesheni kuu ya Gare du Nord. Jumamosi alasiri behewa linajaa kama daladala ya Mbagala saa ya kutoka kazini. Tofauti ni kwamba kwenye daladala Mjomba anajua kujilinda. Anajua kukumbatia mfuko kifuani, anajua kibaka anapenda mlangoni, anajua dakika ya hatari ni ile ya kugombea kupanda. Paris alijiachia, nami vilevile, kwa kuwa vichwani mwetu Ulaya ni mahali pa utaratibu.

Ukweli ni kwamba hata wenye mji hawajashinda. Tarehe 10 Aprili 2013 jumba la makumbusho la Louvre halikufunguliwa kwa sababu wafanyakazi wake waligoma wakilalamikia magenge ya wachomoaji ndani ya jumba lenyewe. Tarehe 22 Mei 2015 wafanyakazi wa mnara wa Eiffel nao waliacha kazi kwa sababu hiyohiyo. Watu wanaoshinda mahali pale mwaka mzima, wanaowajua wezi kwa sura, walisema jambo limewazidi. Basi mgeni wa siku tano asionekane mshamba.

Ilivyokuwa ni hivi. Treni ilipoingia, mtu aliyekuwa mbele ya Mjomba alipanda, kisha akasimama palepale mlangoni na kuinama kana kwamba amedondosha kitu. Nyuma wakasukuma. Msichana mmoja upande wa kulia wa Mjomba alikuwa ameshika ramani ya mji, ile kubwa ya karatasi, amelaza mkono juu yake. Akamwelekezea Mjomba akiuliza kitu kwa Kiingereza. Mjomba akainamisha kichwa atazame ramani. Honi ya kufunga milango ikalia. Msichana akageuka, akashuka. Aliyeinama akashuka. Milango ikafungwa. Tangu kupanda hadi milango kufungwa hazikupita sekunde kumi na tano.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Yuko anayechagua nani wa kuibiwa, yuko anayeziba njia ili msongamano uonekane wa kawaida, yuko anayechomoa, na mara nyingi yuko anayepokea, ili hata mchomoaji akikamatwa asikutwe na kitu. Kinachofunika mkono wa mchomoaji ni kitu kisichotiliwa shaka: ramani, skafu, koti lililolazwa mkononi. Na honi ya mlango ndiyo saa yao. Wanachomoa ikilia, kwa hiyo wewe unaondoka na treni na wao wanabaki kituoni.

Kuhusu ramani, kuna jaribio la mwaka 1998 ambalo sikuwahi kulisahau tangu nilisome darasani. Daniel Simons na Daniel Levin, wanasaikolojia, walimtuma mtu na ramani akawaulize wapita njia njia ya kwenda. Katikati ya maelezo, watu wawili waliobeba mlango walipita baina yao, na nyuma ya mlango ule muulizaji akabadilishana na mtu mwingine kabisa. Kati ya watu 15 waliokuwa wakitoa maelezo, 8 hawakugundua kwamba sasa wanaongea na mtu tofauti. Mtu aliyezama katika kumsaidia mgeni haoni hata sura ya mgeni. Mfuko wa jaketi ni kitu gani mbele ya hilo?

Sasa niseme jambo ambalo Mjomba aliniambia usiku ule, tukiwa tumekaa kitandani hotelini, na ambalo ndilo lililonifanya niandike. Alisema: "Niliuhisi mkono."

Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, ukiita 'mwizi!' kwetu Tanga, pale Ngamiani, unaweza kuua mtu. Nami sikuwa na hakika."

Kila aliyekulia kwetu anajua anasema nini. Neno hilo moja linakusanya umati, na umati hauulizi. Mjomba alishamwona kijana akipigwa mpaka kufa kwa kosa ambalo baadaye ilijulikana si lake. Tangu hapo aliapa hatalitamka neno lile pasipo kuona kwa macho yake. Kiapo hicho ni chema. Katika mlango wa behewa, kiapo hicho kilimpa mchomoaji sekunde tatu, na sekunde tatu zilimtosha.

Namba iliyokuwa nyuma ya kadi

Tuligundua tukiwa kati ya Barbès na La Chapelle, pale treni inapopita juu ya daraja na mwanga unaingia. Mjomba alitaka kutazama saa kwenye simu. Tukashuka.

Yaliyofuata yalituumiza kuliko wizi wenyewe. Kadi ilikuwa ya benki ya nyumbani. Namba ya kupiga ili kadi ifungwe imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi imekwenda. Nilipotafuta kwenye intaneti nilipata namba ya bure, lakini namba ya bure ya Tanzania haipatikani ukiwa nje ya nchi. Ilikuwa saa 11 jioni Paris, saa 12 Tanga, Jumamosi. Ilichukua dakika thelathini na tano kupata namba ya kawaida na mtu wa kuipokea. Katika dakika hizo kadi ilikuwa imeshagusishwa mara tatu madukani. Ufaransa, tangu Mei 2020, unaweza kulipa hadi euro 50 kwa kugusisha kadi bila kuingiza namba ya siri. Mwizi aliijua hesabu: malipo yote matatu yalikuwa chini ya hapo.

Benki ilituma ujumbe kila mara kadi ilipotumika, kama ilivyoahidi. Ujumbe ulikwenda kwenye simu iliyoibwa.

Hapa ndipo ninapoona kosa la mpango wetu kwa uwazi kuliko mahali pengine popote. Tulikuwa tumeweka kilichoibwa na king'ora cha kutuambia kimeibwa katika mfuko mmoja. Nikajaribu kuifunga simu kwa mbali kupitia simu yangu. Akaunti yake ikadai nywila, ambayo Mjomba hakuikumbuka. Nilipoomba kuibadilisha, tarakimu za uthibitisho zikatumwa kwenye laini yake, yaani kwa mwizi. Laini tuliweza kuifungisha kwa kumpigia binamu aliyeko Tanga akawasiliane na kampuni ya simu, lakini kupata laini mpya kwa namba ileile kulihitaji alama ya kidole cha Mjomba mwenyewe, maana laini zetu sasa husajiliwa kwa kidole. Kidole kiko Paris. Kwa siku tisa zilizobaki hakuweza kupokea pesa kwa simu wala kuthibitisha chochote benki.

Tulikwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko. Tulingoja karibu saa mbili, nikamtafsiria. Waliuliza namba ya IMEI ya simu, ile ndefu inayotokea ukibonyeza *#06#. Watanzania wengi waliijua mwaka 2016, simu bandia zilipozimwa mwezi Juni, na wengi wameisahau tangu siku hiyo. Mjomba hakuwa ameiandika popote. Kwa bahati mkaza mjomba alikuwa bado na boksi la simu kabatini, akatusomea namba ubavuni mwa boksi. Simu haikurudi. Karatasi ya polisi, hata hivyo, ndiyo benki iliyoitaka baadaye katika madai ya yale malipo matatu, na bila hiyo madai yasingesikilizwa. Kwa hiyo usione uvivu wa kwenda, hata ukijua mwizi hatapatikana. Namba ya polisi Ufaransa ni 17, na 112 inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Mtu mmoja aliniuliza: bima je? Bima inayodaiwa kwenye viza ya Schengen, ya kuanzia euro 30,000, ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani. Waleti haimo, isipokuwa kama ulilipia bima nyingine ya mali.

Kibindo

Jambo moja tulilifanya sawasawa, na sifa zake ni za mkaza mjomba. Kabla ya safari alichukua kipande cha kanga, akakishona mfuko bapa wenye kamba ya kufunga kiunoni ndani ya shati. "Baba yangu alitembea na kibindo maisha yake yote," alimwambia, "na hakuwahi kuibiwa hata senti." Mjomba alilalamika kwamba kinamwasha. Lakini alikivaa, na ndani yake mlikuwa na pasipoti yenye viza, euro 300, na kivuli, yaani nakala, cha tiketi ya ndege. Kama pasipoti ingekuwa kwenye jaketi, safari yote ingegeuka kuwa foleni ya ubalozini.

Vitabu vya watalii hushauri: pasipoti iache hotelini, tembea na kivuli. Kwa msafiri wa kwetu mimi siwezi kuushauri hivyo bila kuongeza neno. Sheria ya Ufaransa inamtaka mgeni aweze kuonyesha hati zinazomruhusu kuwepo nchini pale polisi wanapozidai. Na si kila mgeni anadaiwa sawa. Mwaka 2017 taasisi ya Défenseur des droits, inayosimamia haki za raia Ufaransa, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vijana wa kiume wanaoonekana kuwa weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi wa kusimamishwa na polisi kukaguliwa. Mwaka uliotangulia mahakama ya juu ilishaihukumu serikali kwa ukaguzi wa kibaguzi. Mtalii mweupe akiacha pasipoti hotelini hapotezi kitu. Mpwa wako wa miaka 22 akiiacha anaweza kumaliza alasiri yake kituoni akithibitishiwa uhalali wake. Ndiyo maana mimi nasema kibindo: hati iwe mwilini, ndani ya nguo, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki bila wewe kujua, na isiguswe hadharani kwa sababu ya kununua maji.

Waleti inayoonekana ibaki na pesa ya siku ile tu. Kitambulisho cha NIDA hakina kazi yoyote Paris, kingebaki Tanga. Kadi mbili zisikae pamoja. Namba ya kawaida ya benki, ile inayoanza na +255, namba ya IMEI na namba ya ndugu mmoja ziandikwe kwenye karatasi na ziwe kwenye kibindo, na nakala kwa mwenzako. Na kabla ya kupanda ndege, hakikisha kuna njia nyingine ya kuthibitisha akaunti yako isiyopita kwenye laini iliyo mfukoni, hata kama ni barua pepe ya mwanao.

Hayo ni ya mifuko. Ya adabu yalikuwa magumu zaidi, na hayo tuliyazungumza Jumapili nzima.

Mjomba hakukubali niliposema asijibu salamu. Alinikatalia waziwazi: "Kuanza salamu ni sunna, kuijibu ni wajibu. Siwezi kuja Ulaya kuacha wajibu." Nilitaka kubishana, kisha nikaona amesema kweli na kwamba ushauri wowote unaomtaka mtu awe mtu mwingine utavunjika mara ya kwanza atakapotabasamiwa. Basi tukatafuta namna. Wajibu ni kujibu. Hakuna aliyesema lazima usimame. Jibu huku mguu unakwenda. Mkono usitoke mfukoni, kwa sababu bila mkono hakuna pa kufungia uzi, na mkono ukikaa mfukoni unaulinda mfuko pia. Anayekuhitaji kweli atatembea nawe hatua tatu na kukueleza shida yake. Anayekuwinda hataki kwenda, anataka usimame.

Kwa anayeuliza njia behewani, jibu ni kumtazama usoni, si kwenye ramani, mkono mmoja ukiwa juu ya mfuko. Ingia behewani nenda katikati, usisimame mlangoni. Mkiwa wawili, msimame mkitazamana: kila mmoja anaona yaliyo nyuma ya mwenzake. Sisi tulisimama bega kwa bega tukitazama upande mmoja, na hilo ni kosa langu mimi niliyekuwa mwenyeji.

Na kuhusu kuita mwizi, nilimpa jibu ambalo nililifikiria usiku kucha. Huhitaji kumtaja mwizi. Shika mfuko wako na useme kwa sauti, "Waleti yangu!" Humshtaki mtu. Unataja mali yako. Asiye na hatia hadhuriki, na mwenye hatia anajua umeshtuka, naye hafanyi kazi penye macho. Lugha si shida; sauti na mkono juu ya mfuko vinaeleweka na kila abiria. Mjomba alilirudia neno lile mara mbili kwa sauti ya chini, kama anayelipima uzito.

Swali lake la mwisho siku ile lilikuwa kuhusu msichana wa ramani. "Alikuwa mdogo," alisema. "Miaka kumi na minne, labda." Nilimwambia ninachokijua: kwamba mwaka 2013 mahakama ya Paris ilimfunga miaka 7 kiongozi wa mtandao uliokuwa ukiwatumia wasichana kuiba kwenye metro na kuwatesa wasipofikisha kiasi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema pesa imekwenda, ila mtoto yule naye ameibiwa, na aliyemwibia hajapanda metro.

Jumatatu, kabla ya treni ya kurudi Lyon ninakoishi, tulikwenda Trocadéro akauone mnara wa Eiffel. Kwenye daraja la Iéna palikuwa na watu wameinamia zulia dogo, mtu akizungusha vikombe vitatu kwa kasi. Mjomba aliangalia kwa mbali, akaguna. "Hii si pata potea?" Akanionyesha kwa kidevu. "Yule anayeshinda ni mwenzao. Na yule mama anayeshangilia. Na yule aliyesimama pale kwenye taa, huyo anaangalia askari." Hakukosea hata mmoja: yule wa kwenye taa alipopiga mluzi, zulia lilikunjwa na wote wanne wakaondoka pamoja.

Tukaendelea. Msichana mwenye ubao wa karatasi alitujia, ameuelekeza ubao kwenye tumbo la Mjomba, akionyesha mahali pa kutia saini. Mjomba mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Bonjour, mwanangu," akasema, na mguu wake haukusita.

Msichana alimfuata hatua mbili, akageuka kwa watu waliokuwa nyuma yetu. Mjomba alitembea hadi katikati ya daraja ndipo akasimama, akageukia mtoni.

"Nimemjibu, sivyo?"

"Umemjibu, Mjomba."